Nilimwambia baba nina sapu, akafurahi kwamba nakunywa supu

Senene_wa_Novemba

Wakuu, habari za jioni. Uzi wangu ni mrefu kidogo, naomba mnivumilie, maana jambo hili nalala nalo usiku wa nne sasa.

Mimi ni binti wa Muleba, mkoani Kagera, mwaka wa pili katika chuo kimoja hapa Dar es Salaam. Jumamosi matokeo yalitoka. Nimefaulu yote isipokuwa somo moja, Takwimu. Jioni baba akapiga. Baba hapigi simu ovyo. Kwetu mtandao unashika ukisimama nyuma ya nyumba, karibu na mparachichi, kwa hiyo akipiga ujue ameacha kazi zake, ametoka nje na amesimama. Akaniuliza, "Matokeo, waitu?" Nikajibu haraka haraka, kama ninavyowajibu wenzangu chumbani: "Nimefaulu baba, ila nina sapu moja."

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Vizuri mwanangu. Supu inatia nguvu. Kunywa, usiogope gharama, nitakuongezea." Kesho yake asubuhi ujumbe ukaingia: ametuma shilingi 20,000.

Sijamrekebisha. Pesa iko kwenye simu na sijaigusa. Kwa ambao hawakupitia chuo, sapu ni mtihani wa marudio wa somo uliloanguka. Unaufanya kabla mwaka mpya haujaanza, na ukiuanguka tena mambo yanakuwa mazito.

Kinachoniumiza si sapu peke yake. Neno lile lilinitoka mdomoni bila kufikiri, likamwacha baba nje ya mlango. Nami nilimsikia anabaki nje, nikanyamaza.

Niwaeleze tunavyoishi, labda mtanielewa. Tumepanga chumba wanne kule Changanyikeni, na jina hilo naona lilitungwa kwa ajili yetu. Mimi Mhaya, mwenzangu Msukuma wa Maswa, wa tatu Mchaga wa Rombo, wa nne Mpemba. Sisi watatu wa bara kila mmoja amekuja na lugha ya nyumbani, Kiswahili cha mkoa wake na Kiingereza cha sekondari. Mpemba hana lugha nyingine ya nyumbani, Kiswahili ndicho lugha ya bibi yake, na pale sisi tunaposema "shule" yeye anasema "skuli". Wiki ya kwanza tulibishana juu ya hilo mpaka taa ikazimwa. Baadaye mwalimu mmoja wa lugha akatueleza kwamba shule tuliipata kwa Wajerumani na skuli ikaja na Waingereza. Tangu hapo hatubishani, tumegawana: mwenye kipindi cha asubuhi anakwenda shule, mwenye kipindi cha jioni anakwenda skuli. Ukisikia mtu anasema "leo nina shule na skuli" ujue atarudi hoi, umbakizie chakula.

Kushukuru nako tuna utaratibu wetu. Unamshukuru mtu kwa lugha yake, si kwa yako. Msukuma akinichotea maji namwambia "wabeja". Mchaga akinikopesha chaja namwambia "aika". Wao wananiambia "wakola waitu". Mpemba tunampa "ahsanta", ile ya kwao inayoishia na a. Hakuna aliyelipanga jambo hili. Lilianza siku Msukuma alipougua malaria, akawa anashukuru kwa Kisukuma tu bila kujua, nasi tukaona vibaya kumjibu kwa lugha nyingine.

Na mkopo ukiingia hatusemi bumu kama wengine. Chumbani kwetu tunasema senene wameanguka. Aliyekulia Bukoba ananielewa: mwezi wa kumi na moja senene, wale panzi tunaowala, wanashuka usiku, watu wanatoka na taa na ndoo, kijiji kizima hakilali, na ukizubaa siku mbili unakuta hakuna. Mchaga wangu hajawahi kumwona senene hai, lakini ndiye anayepiga kelele kuliko wote: "Amkeni, senene wameanguka!"

Hata masomo tunayasomea hivyo. Darasani ni Kiingereza. Tukitoka tunakaa kwenye kimbweta, ile meza ya saruji ya nje, tunaivunja mada kwa Kiswahili, kisha tunaijenga upya kwa Kiingereza kila mtu kwenye daftari lake. Ile wanayoiita standadi divieisheni sikuielewa darasani kabisa. Mpemba ndiye aliyenifundisha, kwa daladala. Alichora kituo. Akasema: siku ya kwanza umesubiri dakika 5, ya pili 5, ya tatu 10, ya nne 40. Wastani wako ni 15. Lakini je, kuna siku hata moja uliyosubiri 15? Hakuna. Wastani umekwambia habari ya siku ambayo hukuiishi. Sasa tunatafuta namba ya kutuambia siku zako zinatawanyika kiasi gani kutoka kwenye hiyo 15, yaani daladala hii inakutesa kiasi gani. Niliielewa hapo hapo, na mpaka leo nikisimama kituoni naikumbuka.

Kwenye mtihani swali likaja lile lile. Hesabu nikapata. Sehemu ya pili ikasema nieleze jibu langu lina maana gani. Maana nilikuwa nayo kichwani, imekaa vizuri, ina kituo na daladala na mtu aliyechelewa. Kiingereza chake kikakataa kutoka. Nikaandika mistari miwili, muda ukaisha.

Naomba mnisaidie. Mliosoma mkiwa na wazazi vijijini, mliwaambiaje mambo ya chuo? Na hii lugha yetu ya sapu, desa (karatasi za kusomea), kudisko (kufukuzwa chuo) na senene, ninayoipenda kwa moyo wangu wote, ni kweli inatutenga na waliotulea? Naomba kuwasilisha.

Kimbweta94

Pole sana mdogo wangu. Nitakujibu swali la kwanza, maana la pili wapo wenye elimu nalo.

Mimi niliingia Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwaka 1994, nikitokea Kyela. Sikupata chumba. Jamaa mmoja wa Ukerewe akanibeba. Vijana wa leo mnalijua neno hili: mwenye kitanda anamchukua asiye na kitanda, mnalala wawili kwenye futi tatu, mmoja kichwa huku mwingine kichwa kule. Nilipomwandikia mama barua nikaandika vile vile tulivyokuwa tunasema: "Nipo salama, nabebwa na rafiki yangu Mkerewe." Sikueleza zaidi.

Mama hakujua habari za vitanda. Alisomewa barua, akaelewa kubebwa anakokujua yeye, kwa mgongo na kanga. Baada ya mwezi mmoja na nusu nikaitwa stendi ya mabasi, kuna mzigo wangu. Gunia la mchele wa Kyela, na karatasi yenye maneno yaliyoandikwa na mdogo wangu: mchele huu si wako, ni wa huyo anayekubeba, mtu aliyembeba mwanangu halali njaa.

Tuliula mchele ule muhula mzima, chumba kizima. Jamaa wa Ukerewe aliilaza ile karatasi ndani ya Biblia yake. Mpaka leo akinipigia simu ananiuliza, "Mama yako yupo, yule wa mchele?"

Kwa hiyo usifikiri baba amebaki nje sana. Amesikia neno asilolijua, akalitafutia maana ya kumfaa mwanawe. Lakini mwambie, na usichelewe. Kila siku ile elfu ishirini inavyokaa kwenye simu, inakuwa ngumu zaidi kusema.

Mlinzi wa Ufasaha

Binti, nakuheshimu kwa kuwa umeandika Kiswahili safi. Hilo linanipa ujasiri wa kukwambia jambo ambalo wenzako humu hawatalipenda.

Mimi ni mhariri, mtu wa Tanga, kazi hii nimeifanya miaka mingi. Tazama kilichotokea kwenye simu yako. Ungemwambia baba "nitarudia mtihani mmoja", maneno matatu, angeelewa yote. Mzee wa Muleba anajua kurudia, anajua mtihani, anajua moja. Lugha ya kumwambia ulikuwa nayo tangu darasa la kwanza. Ukaiweka pembeni, ukachukua kipande cha neno la Kiingereza, "supplementary", ambacho hata Mwingereza mwenyewe hakielewi.

Nawapokea ofisini vijana wa mafunzo kwa vitendo kila mwaka. Wana akili. Lakini nikimwambia mmoja wao aniandikie aya tatu za Kiswahili kitupu anatoka jasho, na nikimwambia aziandike kwa Kiingereza kitupu anatoka jasho vile vile. Huwa narudi nyumbani nikiwa na huzuni. Naogopa tunalea watu wenye nusu ya kila kitu.

Na msiniambie maneno fasaha hayashiki. Sensa ya 2022 ilifanywa kwa vishikwambi. Karani akafika mpaka kijijini na kishikwambi chake, bibi kizee akalisikia neno, akalitumia kesho yake. Hakuna aliyelalamika. Mkipewa neno zuri nanyi mkakubali kulisema, linaishi.

Ile mada ya senene nimeipenda. Hiyo ni lugha. Sapu si lugha.

Ngeli ya Saba

Mzee wangu hapo juu, shikamoo. Kuhusu ile simu umesema kweli tupu, "nitarudia mtihani mmoja" ingetosha. Na kishikwambi umekichagua vizuri. Lakini ungetaja pia tarakilishi na ngamizi, maneno mawili yaliyotungwa kwa kifaa kimoja, na mpaka leo mtu akienda dukani anaulizia kompyuta. Watu hawakatai neno kwa sababu ni la Kiswahili, wala hawalikubali kwa sababu hiyo. Wanalijaribu mdomoni kama mtu anavyojaribu kiatu.

Mimi nafundisha lugha, ni mwalimu mdogo tu. Jina langu humu nimelichagua kwa mapenzi: darasani ngeli ni makundi ya majina, na ya saba ni ile ya ki-, ya kiti na kisu. Mtaani hapa Dar, "ngeli" ni Kiingereza. Mtu akisema "jamaa anashusha ngeli" hana maana ya sarufi. Neno limetoka darasani likaenda kijiweni likapewa kazi nyingine, na linafanya zote mbili bila kugombana.

Naomba nikuoneshe kitu kimoja kwa karibu. Wiki iliyopita nilipita kwenye vimbweta, kijana ameinamia simu, akamwambia mwenzake: "Hili desa halidaunlodiki." Nilisimama. Litazame neno lile. Mbele kuna ha-, ya kukanusha. Inafuata -li-, kwa sababu desa ni la kundi la jino na jicho, wingi wake madesa, na kijana hakukosea. Katikati kuna kitenzi cha Kiingereza kilichovuliwa viatu. Mwisho kuna -k-, ile ile ya "haliliki" na "halivunjiki", yenye maana kwamba jambo lenyewe halikubali kufanyika, kosa si la mtu. Kisha irabu inayotakiwa. Kijana yule hakusema kwamba ameshindwa. Amesema desa ndilo lililokataa. Kiingereza kinahitaji maneno kadhaa kufika hapo, yeye amefika kwa moja, na sarufi iliyomfikisha ni ya Kiswahili mwanzo hadi mwisho. Mgeni aliingia ndani ya nyumba, akapewa kiti na kazi.

Na hatukuanza leo. Waarabu walituletea "kitab", kule kwao ki- si kiambishi hata kidogo. Sisi tukaisikia kama ki- ya kiti, tukasema vitabu. Madereva wa nchi hii wakakuta kibao cha Kiingereza kinachosema "keep left", yaani pita kushoto, leo tuna kipilefti kimoja na vipilefti vingi. Meza tulipewa na Wareno, hela na Wajerumani, serikali imetoka Uajemi, na hakuna anayetoka jasho kuzitamka. Hata Kiswahili sanifu chenyewe mzee wangu unakijua kilivyopatikana: mwaka 1928, mkutanoni Mombasa, Kiunguja kikachaguliwa kuwa msingi, na Kimvita chenye mashairi ya karne nyingi kikawekwa kando. Ulikuwa uamuzi wa watu.

Hofu yako ya nusu ya kila kitu naielewa, naiona kwenye karatasi ninazosahihisha. Ila chanzo chake sikioni kwenye vimbweta. Mtoto anasoma miaka saba kwa Kiswahili, anaingia kidato cha kwanza Januari anakuta karibu kila kitu ni Kiingereza, baiolojia, jiografia, na aliyekuwa anauliza maswali kila siku ananyamaza. Miaka hiyo ya kunyamaza ndiyo inayokata lugha katikati. Kimbweta ni mahali anapoanza kusema tena.

Dada Senene, ule mfano wa daladala ninauomba. Nitautumia Jumatatu.

Mwana wa Msimbazi

Dada piga simu. Mwambie leo leo. Mambo ya ngeli tutayamaliza sisi humu.

MamaLishe_Msewe

Jamani mimi si msomi, nauza chakula huku Msewe, ni mwaka wa kumi na moja. Binti yangu ndiye amenionesha uzi huu, nikasema lazima niandike, ananisaidia kuchapa.

Nyie mnabishana maneno yametoka wapi. Mimi naomba niwaambie maneno hayo yanakuja lini.

Wanafunzi wakiwa na pesa hawana maneno mengi. Anakuja, "Mama, wali kuku." Basi. Au kijana anapita kwa jirani yangu wa chipsi anasema "zege moja", ni chipsi mayai, anakula anaondoka. Maneno yanaanza kuja tarehe mbaya. Kijana anapita saa saba mchana, hasimami, ananipungia mkono kwa mbali: "Mama, leo napiga pasi ndefu." Mwanzoni nilidhani anakwenda mpirani. Binti yangu akanieleza: mpira unapigwa kutoka nyuma unaruka katikati unaangukia mbele, yaani mtu amekula asubuhi, mchana anauruka, mpaka usiku. Na siku nyingine hata hiyo asubuhi haikuwepo.

Sasa fikirini. Angeweza kusema "mama nina njaa na sina hela"? Mtoto wa watu, kijana mwenye ndevu, barabarani, wenzake wanasikia? Hawezi. Lakini pasi ndefu anaweza kuisema huku anacheka, na mimi nikaisikia, na yeye akajua nimesikia, na hakuna aliyeaibika. Namwita, "Njoo basi unionjee maharage kama chumvi imekolea." Anakaa anakula sahani nzima ya kuonja. Akipata anarudisha, na asiporudisha Mungu yupo.

Kudisko ni hivyo hivyo. Mtoto amefukuzwa chuo, ndoto ya ukoo mzima imeanguka, wenzake wanasema kadisko. Neno la dansi! Mara ya kwanza nilikasirika, nikaona wanamcheka. Baadaye nikaja kuona wale wanaosema kadisko ndio hao hao waliochanga nauli yake na kumfungia mizigo. Hawakutaka kulitamka lile neno lingine mbele yake.

Kwa hiyo wewe mwanangu wa Muleba, mimi nadhani hukumwambia baba sapu kwa sababu umesahau Kiswahili. Ulijua kabisa kurudia mtihani kunasemwaje. Sapu ndiyo kanga iliyokuwa imebeba ile aibu, ukaitanguliza hiyo. Na kwa wenzako ingetosha, maana wao wakisikia sapu wanasikia na maumivu yake. Baba hana namna ya kujua ndani ya hiyo kanga kuna nini, ameona kanga tu.

Mwambie kwa upole. Wazazi tunasikia zaidi ya mnavyodhani.

Mlinzi wa Ufasaha

Mama wa Msewe, nimekusoma mara mbili. Kuna siku kijana wa mafunzo aliniambia asubuhi "bosi, leo napiga pasi ndefu", nami nikamsahihisha: sema sitakula mchana. Akasema sawa, akainama akaendelea na kazi. Ni miaka mitatu imepita. Sasa hivi nimeinuka kitini.

Sapu bado siipendi. Lakini ile siku naiomba irudi.

Senene_wa_Novemba

Wakuu nimerudi. Samahani kwa siku mbili za kimya, niliogopa kuwaandikia kabla sijapiga.

Mama, ulichosema ndicho. Nilikuwa nimekaa kitandani nikisoma maneno yako, nikafika pale pa kanga, nikashindwa kuendelea. Mchaga akaninyang'anya simu, akasoma kwa sauti, chumba kizima kikanyamaza. Msukuma akasema, "Piga sasa hivi, tupo."

Nikapiga jana saa kumi na mbili jioni. Nikaanza kwa Kihaya kwa sababu nilitaka asikie kwamba ni mimi, yule wa nyumbani. Tukasalimiana mpaka mwisho, sikuruka kitu. Kisha nikasema, kwa Kiswahili, "Baba, ile sapu si supu." Akasema, "Eeh." Nikamwambia kuna somo moja nimeshindwa, nitalirudia Septemba. Nikangoja.

Baba akauliza kitu ambacho sikukitegemea. "Yale mengine yote yameiva?" Nikasema yameiva. Hapo ndipo nikakumbuka kahawa. Kwetu kahawa haiivi kwa siku moja. Kwenye tawi lile lile unakuta nyekundu na mbichi zimeshikana, unachuma zilizoiva unaziacha mbichi, ukirudi baadaye unachuma zilizobaki. Tangu utoto baba alikuwa akinikataza kuzivuta zote kwa pamoja, akisema mbichi ukiichuma umeipoteza na ukiiacha hujapoteza kitu. Nikamwambia, "Baba, ni kama zile mbichi za kwenye tawi. Chuo kinaniruhusu kurudi shambani mara ya pili."

Akacheka, kile kicheko chake cha puani. "Kumbe ni mchumo wa pili. Sasa mbona hukusema hivyo?"

Nikamweleza na kwa nini nilianguka, habari ya daladala na Kiingereza kilichokataa. Hapo alinyamaza muda mrefu, nikasikia kuku kwa nyuma. Akasema na yeye aliishia darasa la saba, na siku hizi akiletewa karatasi za chama cha ushirika anazielewa mpaka ufike ukurasa wenye Kiingereza, na huo huwa anaukunja. Sikuwahi kujua. Miaka ishirini na moja naishi na baba na sikujua kuna ukurasa anaoukunja. Nimemwambia ampe kaka yangu aupige picha anitumie, nitausoma, nitamwandikia kwa Kiswahili.

Nikasema nitamrudishia elfu ishirini. Akakataa. "Mtu wa mchumo wa pili naye anakula."

Chumbani sasa sapu haipo tena. Msukuma ana mbili, na tangu jana usiku anasema ana michumo miwili. Asubuhi hii jirani wa chumba cha tatu, Mhehe, hata hatujamweleza kitu, amepita mlangoni akauliza, "Eti mchumo wa pili wa Takwimu ni tarehe ngapi?" Sijui amelisikia kwa nani.

Ngeli ya Saba, daladala chukua, Mpemba amekubali, ila anaomba useme imetoka Pemba. Mzee Mlinzi, nimeanza kufanya zoezi lako: kila jioni naandika aya moja ya Kiingereza kitupu kueleza maana ya jibu moja la Takwimu, na chini yake aya moja ya Kiswahili kitupu. Ya kwanza ilinitoa jasho kama ulivyosema. Kama utakuwa na nafasi ya kuzipitia zile za Kiswahili nitashukuru sana.

Na mwenye desa zuri la Takwimu, lenye maswali ya miaka ya nyuma na majibu ya kuandika, si ya hesabu peke yake, naomba sana.

Mlinzi wa Ufasaha

Zitume zote. Na za Kiingereza pia.

Ngeli ya Saba

Desa ninalo, kurasa 46. Nimejaribu kulipandisha hapa, halipandishiki. Nitalitoa nakala nikuachie pale kwenye vimbweta kesho saa kumi.

MamaLishe_Msewe

Mwanangu, Jumapili asubuhi napika supu ya makongoro. Njoo na hao wenzio watatu, na huyo Mhehe wa chumba cha tatu. Ukimpigia baba mwambie umekunywa.